Alinunua matairi mawili badala ya manne, safari ya Krismasi ikafichua siri

Kwa wiki tatu gari lilikuwa likijikaza kila alipokata kona kuingia kwenye geti la shule anayofundisha, na kwa wiki tatu hakumwambia mumewe.

Halikuonekana kuwa jambo kubwa. Kwenye lami iliyonyooka, Subaru Forester yao ya mwaka 2005 ilikwenda vizuri kama kawaida. Lakini akizungusha usukani hadi mwisho ili aegeshe chini ya mwarobaini, gari liligoma kidogo, likawa kama linavutwa na mtu kwa nyuma, kisha likaruka na kuachia. Wanafunzi waliokuwa wakifagia uwanja walizoea kugeuka kulitazama. Siku moja mwalimu mwenzake alimuuliza kama amesahau kushusha breki ya mkono. Akaiangalia. Hakuwa amesahau.

Hakumwambia mumewe kwa sababu alijua mazungumzo hayo yangeishia wapi. Mwanzoni mwa Novemba alikuwa amechukua sehemu yake ya kikoba na kumkabidhi shilingi 720,000, za matairi manne kwa shilingi 180,000 kila moja. Matairi ya mbele yalikuwa yamebaki vipara, na safari ya Desemba ilikuwa inakaribia. Mume alirudi jioni akasema, “Mama, matairi tayari.” Mke akachungulia nje, akayaona ya mbele meusi, yakiwa bado na vile vinyweleo vya mpira vya tairi jipya. Akashukuru, akarudi jikoni kugeuza samaki.

Hakuzunguka nyuma ya gari. Nyumbani kwao Kimara, gari huegeshwa kwa kurudi kinyumenyume mpaka karibu na ukuta, na hakuna mtu aliyewahi kuwa na sababu ya kujipenyeza pale.

Kumwambia sasa kwamba gari lina tatizo jingine kulikuwa sawa na kumwambia kuwa fedha nyingine zinatakiwa. Mwaka ule kila walipozungumza habari za fedha, mmoja wao alilala ameelekea ukutani. Duka la vifaa vya ujenzi la mume lilikuwa limedorora. Wateja walikopa saruji na kuhama njia. Ada, umeme na unga vilitoka kwenye mshahara wa mke na kwenye kikoba chake. Hakuwahi kumsimanga mumewe kwa hilo. Lakini daftari la matumizi lilikuwa lake, kalamu ilikuwa yake, na kila mtu ndani ya nyumba alijua.

Akaamua kunyamaza mpaka sikukuu ipite.

Safari ya nyumbani

Kwa familia nyingi za Kilimanjaro zinazoishi Dar es Salaam, kwenda nyumbani Desemba si jambo la kupigiwa kura. Mume ni mtu wa Marangu, na mama yake hakuwa na afya njema tangu katikati ya mwaka. Tarehe 22 Desemba, saa kumi alfajiri, walipakia: gunia la mchele, sukari, mafuta ya kula, vitenge viwili vya mama, mabegi. Nyuma walikaa binti yao wa kidato cha pili aliyerudi likizo, na mdogo wake wa kiume mwenye miaka saba.

Mume ndiye aliyeendesha. Walipita Chalinze kukipambazuka, wakala mihogo ya kukaanga Segera, wakaipita Korogwe na mashamba yake ya mkonge jua likiwa tayari limeanza kuchoma. Hapo ndipo harufu ilipoanza kuingia ndani ya gari, kali, kama oili iliyosahaulika motoni.

“Ni breki za lori la mbele,” mume alisema, akapandisha kioo.

Lori la mbele likakata kushoto likaondoka. Harufu ikabaki.

Kilomita chache kabla ya Mombo, binti aliinama mbele kutoka kiti cha nyuma. “Baba, hiyo taa ni ya nini?” Ilikuwa taa ya dashibodi inayoonya kwamba oili ya giaboksi imepata joto kupita kiasi. Mume akatoka barabarani, akasimama chini ya mti, akaacha injini ikiunguruma kwa kuogopa kwamba akiizima haitawaka tena. Kwa bahati, hicho ndicho kitu sahihi kufanya: gari likisimama na injini ikiachwa kwenye silensa, oili huendelea kuzunguka na kupoa. Baada ya muda taa ikazimika. Wakaenda polepole mpaka Mombo, wakaulizia gereji.

Gereji ilikuwa pembeni ya barabara, uwanja wa vumbi wenye mwembe katikati. Mume alipozungusha usukani kuingia, gari lilijikaza na kuruka kwa nguvu kuliko siku zote. Gunia la mchele likaporomoka, likamwangukia mtoto mguuni. Akapiga yowe.

Mama alikuwa wa kwanza kushuka. Mguu haukuvunjika, ulichubuka tu na kuanza kuvimba. Akiwa amempakata mtoto, akasema bila kumtazama mumewe, “Hivi ndivyo linavyofanya hata shuleni.”

“Tangu lini?”

“Wiki tatu.”

“Na hukuniambia?”

Hakujibu. Fundi alikuwa ameshafika.

Kamba ya katani

Alikuwa mzee wa makamo ya kustahili shikamoo, na mume akamwamkia.

“Marahaba. Poleni na safari. Mtoto kaumia?”

Wakamweleza: harufu, taa, kujikaza kwenye kona. Walitegemea afungue boneti. Hakufungua. Alizunguka gari taratibu, akachuchumaa mbele, akapitisha kidole gumba kwenye kashata za tairi. Akaenda nyuma, akafanya vilevile. Kisha akamtuma kijana wake alete jeki, chaki na kamba ya katani.

Aliinua upande wa mbele, akaizungusha kamba katikati ya tairi mpaka ncha zikakutana, akaweka alama kwa chaki, akaipima kwa futi. Sentimita 208 na nusu. Akashusha, akainua nyuma, akapima kwa kamba ileile. Sentimita 205 na nusu.

“Hapa ndipo ugonjwa ulipo,” akasema.

“Mzee, hayo ni ya saizi moja,” mume alijitetea. “Yote ni 215/60, rimu 16. Soma ubavuni.”

“Saizi ya kuandikwa ni moja. Saizi ya barabarani si moja.”

Akawaeleza huku akichora vumbini kwa kijiti. Gari linalovuta kwa magurudumu mawili, injini hupeleka nguvu mbele tu au nyuma tu. Mwenye gari la namna hiyo akinunua matairi mawili mapya, hata yakitofautiana na mengine, giaboksi haiumii kwa sababu hiyo, maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hayajafungwa pamoja. Gari kama hili la kwao hupeleka nguvu mbele na nyuma muda wote. Katikati, ndani ya giaboksi, kuna sahani nyembamba zilizobanana kwenye oili, mithili ya klachi. Kazi yake ni kuunganisha mbele na nyuma.

“Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma. Hizi sahani zinalegea kidogo, zinateleza, kisha zinashika tena. Ni kazi ya sekunde chache. Sasa wewe mbele umeweka makubwa, nyuma umeacha madogo. Tairi dogo lazima lizunguke mara nyingi zaidi ili liende sawa na kubwa. Kwa hiyo sahani zinateleza hata barabara ikiwa imenyooka. Gari linadhani linakata kona tangu Dar es Salaam mpaka hapa.”

Binti alikuwa ameshatoa simu. Kilomita moja ni sentimita laki moja. Akagawa kwa 208 na nusu, akapata mizunguko 480 hivi. Akagawa kwa 205 na nusu, akapata 487 hivi.

“Saba, baba,” alisema. “Kila kilomita, ya nyuma yanazunguka mara saba zaidi.”

Walikuwa wametembea zaidi ya kilomita 300 tangu alfajiri. Hiyo ni tofauti ya mizunguko zaidi ya elfu mbili, na yote ilimalizwa na zile sahani kwa kusuguana, na msuguano ni joto. Kiwango ambacho Subaru hukiruhusu katika mzingo wa matairi ni tofauti ya robo inchi, yaani milimita sita na kidogo. Yao yalitofautiana kwa milimita 30. Cha kushangaza ni kwamba tofauti hiyo ya kamba hutokana na kitu ambacho macho hayakioni kwa urahisi: kashata za mbele zilikuwa na kina cha milimita nane hivi, za nyuma milimita tatu. Ni milimita tano tu za mpira.

“Haya mawili ya mbele mmeweka lini?” fundi aliuliza.

“Novemba,” mke alijibu. “Ila si mawili, mzee. Ni yote manne.”

Fundi alimtazama mume, kisha akaitazama kamba iliyokuwa mkononi mwake. Hakuwa mtu wa kugombanisha watu. Lakini mke alikuwa ameshasimama, amekwenda nyuma ya gari, ameinama. Alimwomba amwonyeshe. Fundi akamwelekeza kidole kwenye ubavu wa tairi, kwenye tarakimu nne ndani ya kiboksi kidogo: 1416. Wiki ya 14, mwaka 2016.

Mke akanyooka. “Baba,” alisema, “njoo huku kidogo.”

Chini ya mwembe

Walisimama mbali na watoto, lakini si mbali kiasi cha binti kutosikia.

“Fedha za mawili mengine ziko wapi?”

“Nilimtumia mama. Ilikuwa ile wiki ya vipimo. Walitaka fedha za vipimo na dawa, na dukani sikuwa na kitu. Nikanunua mawili, 360,000 nikaituma. Nikajua Januari nitamalizia mengine mawili kabla hujajua.”

“Ungeniambia, ningekataa?”

Alichukua muda kujibu. Malori yalikuwa yakipita barabarani, na upande wa kulia milima ya Usambara ilikuwa imefunikwa na wingu.

“Usingekataa,” alisema. “Ndiyo maana sikukwambia. Mwaka mzima ni mimi kukuomba. Ada wewe, umeme wewe, hata vocha ya simu wewe. Nikasema hili la mama yangu mzazi walau nisije kuomba.”

Mke alikuwa na maneno tayari. Alikuwa nayo tangu alipoziona zile tarakimu. Angemwambia kwamba amewapakia watoto wawili kwenye gari lenye matairi ya mwaka 2016 nyuma, akalikimbiza kwenye barabara ya mabasi. Angemwambia kwamba kusema “matairi tayari” na kuacha nusu ya habari ni uongo kama uongo mwingine. Yote yalikuwa kweli. Lakini mtoto alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mguu umewekewa kitambaa cha maji, na ule mguu haukuumizwa na matairi peke yake. Kama angesema habari ya kona siku ya kwanza, gari lingekaguliwa Kimara, kabla halijabeba gunia wala mtoto.

“Na mimi nilinyamaza wiki tatu,” alisema. “Nilijua gari linaumwa. Niliogopa tutagombana.”

Hawakukumbatiana wala kuombana radhi kwa maneno marefu. Mume alisema, “Basi twende tukamsikilize mzee,” wakarudi.

Fundi alikuwa amechomoa kipimo cha oili ya giaboksi na kuipaka kwenye kitambaa cheupe. Oili ambayo ilitakiwa iwe nyekundu ilikuwa kahawia iliyoiva, yenye harufu ya kuungua. Akafungua sehemu ndogo ya fyuzi iliyo ndani ya boneti, yenye herufi FWD, akachomeka humo fyuzi ya akiba. Kwenye magari ya automatiki ya aina ile na ya miaka ile, fyuzi hiyo huamuru zile sahani ziachie, na gari likabaki linavuta kwa magurudumu ya mbele tu. Iliwekwa kwa ajili ya siku ambayo mtu amefunga tairi dogo la akiba. Taa ya FWD ikawaka kwenye dashibodi. Fundi akaingia, akazungusha usukani mpaka mwisho, akalizungusha gari kuuzunguka mwembe. Halikujikaza.

“Mna bahati. Sahani zimechakaa lakini hazijaganda. Nendeni taratibu, mkiona taa ile ya joto, simameni. Na msijidanganye: fyuzi hii ni ya kuwafikisha, si ya kuponya. Mkirudi Dar, gari liingie gereji kabla halijaingia nyumbani.”

Alitaka shilingi 15,000. Mke akafungua mkoba, kisha akasita, akampa mumewe fedha ili alipe yeye. Baadaye alijiuliza kama alifanya vyema. Mume alilipa, akashukuru, hakusema kitu.

Aliyoyasikia Marangu

Walipita Same na Mwanga jioni, wakakata kulia Himo, wakaanza kupanda. Walifika Marangu usiku. Bibi alikuwa macho, amekaa jikoni na blanketi mabegani, sufuria ya ndizi na nyama ikiwa pembeni ya moto. Aliwasalimu watoto kwanza, akaukagua mguu wa mjukuu, kisha akamshika mkwewe mikono yote miwili.

“Mwanangu, Mungu akurudishie. Zile fedha za hospitali zilinikuta nimeshakata tamaa. Mwanangu aliniambia, ‘Mama, hizi ametoa mke wangu, mwombee yeye.’ Nimekuombea kila asubuhi.”

Mke aligeuka. Mumewe alikuwa mlangoni na gunia la mchele begani, amesikia kila neno, na alikuwa akitafuta mahali pa kulitua.

Angeweza kumsahihisha mama. Alisema tu, “Amina, mama. Sasa unajisikiaje?”

Usiku ule, watoto walipolala, ndipo walipozungumza kweli. Mume alieleza jinsi inavyokuwa kurudi jioni kutoka dukani akiwa na shilingi 8,000 mfukoni, akamkuta mkewe ameinamia daftari. Mke alieleza jinsi inavyokuwa kuwa mtu ambaye kila swali la nyumba linaishia kwake, hata kabla hajavua viatu. Alimwambia pia lililomuuma zaidi: si zile 360,000, bali kwamba kwa miezi miwili mama mkwe alikuwa akimwombea kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hakulijua. “Umenipa sifa,” alisema, “lakini umeninyima nafasi ya kutoa.”

Bei ya kubana matumizi

Januari ilifika na hesabu zake. Gereji ya Dar es Salaam ilifungua sehemu ya nyuma ya giaboksi. Sahani zilikuwa zimeungua, nyingine zimepinda. Vipuri, oili na ufundi vilifika shilingi 1,350,000. Juu ya hapo yalihitajika matairi mawili mengine, shilingi 360,000. Yale mawili ya Novemba hayakuhitaji kutupwa. Yalikuwa yametembea kilomita chache, kwa hiyo walinunua mengine mawili ya kampuni ileile, saizi ileile na aina ileile ya kashata, wakapima kwa kamba, tofauti ikawa ndani ya kiwango.

Fedha iliyobanwa Novemba ilirudi kudai karibu mara nne yake. Ilikuja mwezi wa ada. Wazazi walikwenda pamoja shuleni kwa binti, wakakaa mbele ya mhasibu, wakaomba kulipa kwa awamu nne badala ya mbili. Mume ndiye aliyezungumza. Kikoba kilitoa mkopo kwa jina la mke, lakini safari hii marejesho yaliandikwa kwenye daftari kwa mikono miwili: kiasi cha mke kila mwezi, na kiasi cha duka kila Jumamosi, hata kama ni shilingi 10,000. Zipo Jumamosi zilizoandikwa 4,000. Ziliandikwa.

Gari nalo likapata ratiba. Kabla ya hapo, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye anayeliangalia. Mke aliliendesha kila siku, akaamini matairi ni kazi ya mwanaume. Mume aliamini anayeliendesha ndiye anayejua hali yake. Tangu gari linunuliwe, hakuna aliyewahi kuhamisha matairi ya mbele kwenda nyuma na ya nyuma kuja mbele. Kwa kawaida ya mafundi, kila kilomita 8,000 hadi 10,000 matairi huhamishwa ili yachakae sawa, maana ya mbele hubeba uzito wa injini na kukata kona. Hakuna pia aliyepeleka gari kunyooshwa magurudumu baada ya kuangukia shimo la Kimara wakati wa masika. Ndiyo maana ya mbele yalikwisha kabla ya ya nyuma, na ndiyo maana swali la mawili au manne likazaliwa.

Sasa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mume na kijana wake wa miaka saba hujaza upepo kwenye matairi yote kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kwa sababu hata tairi lenye upepo pungufu huzunguka tofauti na wenzake. Baada ya hapo huzungusha kamba. Ni ileile ya katani. Fundi wa Mombo alimpa mtoto siku ile ili anyamaze, na mtoto hakuitupa. Hukaa kwenye kiboksi cha mbele ya abiria, pamoja na chaki. Vipimo vinne huandikwa nyuma ya daftari la matumizi.

Simu ya mwezi wa sita

Mwezi wa sita, tairi moja la nyuma lilichanwa na chuma ubavuni, karibu na stendi ya Mbezi. Tairi lililochanika ubavu halizibiki. Muuza matairi aliyekuwa jirani alimweleza mume kwamba anazo mpya za saizi hiyo, aweke moja aendelee na safari. Lilikuwa la kampuni nyingine, lakini bei ilikuwa nzuri. Matatu yaliyobaki yalikuwa yametembea miezi mitano hadi saba.

Mume alifunga tairi la akiba, akachomeka fyuzi ya FWD, akakaa kwenye kiti cha dereva, akapiga simu. Mke alikuwa darasani. Aliona jina, akatoka nje mlangoni, kwa sababu mumewe huwa hapigi saa za kazi.

“Mama, kabla sijanunua chochote, nina la kukwambia.”

Akamweleza lote: tairi limechanika, jipya moja ni shilingi ngapi, mfukoni ana ngapi. Mke akamuuliza maswali mawili. Wakakubaliana asinunue jipya lisilolingana. Mchana ule alizunguka kwa wauza matairi ya mtumba akiwa na kamba mkononi, akatazama tarakimu nne za ubavuni ili asiuziwe lililozeeka, mpaka akapata moja la kampuni ileile na kashata zilezile, lililotumika kidogo. Akaomba lijazwe upepo, akalizungushia kamba mbele ya wauzaji waliokuwa wakicheka. Tofauti ilikuwa milimita nne. Shilingi 90,000.

Hakuwa nazo zote. Alikuwa na 65,000. Akapiga simu tena, akaomba 25,000. Mke akamtumia, akarudi darasani kuendelea na somo la hesabu.

Jioni, daftari lilipofunguliwa, mume ndiye aliyeandika.